Tamko la Watengenezaji Programu na Wafanyabiashara wa Mtandaoni wa Kitengela na Kajiado Kuhusu Data ya Watumiaji wa Mitandao ya Kijamii

Sisi, watengenezaji programu na wafanyabiashara wa mtandaoni kutoka Kitengela, Isinya, Bisil na mji wa Kajiado, tumejadili kwa kina hatua za kampuni za mitandao ya kijamii kuzuia programu za watu wa nje kufikia data ya watumiaji. Tamko hili tunalielekeza kwa kampuni hizo, kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa wasanidi wenzetu na kwa wananchi.

Msimamo wetu ni kwamba mwenye data ni mtumiaji. Kizuizi kinachomlinda yeye tunakiunga mkono. Kizuizi kinachoilinda kampuni dhidi ya washindani na wachunguzi wake tunakipinga, hata kikivishwa vazi la usalama.

Tunachounga mkono

Machi 2018 ulimwengu ulifahamu kwamba programu moja ya maswali ya tabia, iliyowekwa na watu wapatao 270,000 kwenye Facebook, ilizoa taarifa za watu wanaofikia milioni 87. Kanuni za wakati programu hiyo ilipokusanya data ziliruhusu programu kuchukua hata taarifa za marafiki wa aliyeikubali, marafiki ambao hawakuulizwa lolote. Taarifa hizo ziliishia mikononi mwa kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica. Mwezi huohuo, kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha kiongozi wa kampuni hiyo, aliyerekodiwa bila kujua, akijigamba jinsi walivyoendesha karibu kila kipengele cha kampeni za Jubilee za 2013 na 2017 hapa Kenya. Facebook ilibana milango yake Aprili 2018, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani. Kubana huko kulistahili, na kulichelewa.

Maumivu ya karibu zaidi tuliyapata kwa mikopo ya simu. Programu za mikopo zilisoma orodha ya namba za mkopaji, na alipochelewa kulipa, mwajiri, mama mkwe na hata mchungaji wake walipigiwa simu. Mwendesha bodaboda aliyekopa hela ya mafuta aliaibishwa mbele ya watu ambao hawakuhusika na deni lake. Tarehe 31 Mei 2023 Google ilianza kuzikataza programu za mikopo kusoma namba na picha zilizo kwenye simu. Septemba mwaka huo, Kamishna aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine. Hatua zote mbili tunazipongeza.

Tunachopinga

Februari 2023 Twitter, ambayo sasa ni X, ilitangaza mwisho wa huduma ya bure iliyowawezesha wasanidi kusoma machapisho ya umma. Kiwango cha chini cha kulipia kikawa dola 100 kwa mwezi, kisha kikapandishwa hadi dola 200. Tarehe 14 Agosti 2024 Meta, kampuni mama ya Facebook, iliifunga CrowdTangle, zana iliyowasaidia waandishi wa habari na watafiti kufuatilia jinsi uvumi unavyosambaa Facebook na Instagram. Hiyo ilikuwa chini ya miezi miwili baada ya maandamano ya Juni 25 kuhusu Mswada wa Fedha. Zana iliyowekwa badala yake imetengwa zaidi kwa ajili ya watafiti wa vyuo na mashirika yasiyo ya faida.

Machapisho hayo yalikuwa ya umma tayari. Kuyafungia hakukumfichia mwananchi siri yoyote, na kampuni zenyewe zinaendelea kuiona data yote na kuuza matangazo kwayo. Anayebaki nje ni kijana wa Kitengela anayeunda programu ya kukusanya oda za muuza mitumba, na mama wa ushanga anayetaka kuhamisha orodha ya wateja wake bila kuanza upya.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa kila mtu haki ya kupokea data yake katika mpangilio unaosomeka na mashine na kuipeleka kwingine. Haki hiyo haitegemei hisani ya kampuni yoyote.

Kwa hivyo, tunataka yafuatayo:

1. Kampuni za mitandao zitenganishe data ya siri na machapisho ya umma. Kabla ya kufunga huduma, zitoe notisi ya miezi sita, zieleze sababu kwa maandishi na ziweke njia ya kukata rufaa.

2. Mtumiaji wa Kenya akiomba data yake, apewe ndani ya siku 30 zilizowekwa na sheria, kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, na kwa maelekezo ya Kiswahili.

3. Bei kwa wasanidi wadogo ilingane na uwezo wa soko letu.

4. Kamishna atoe mwongozo wa utekelezaji wa Kifungu cha 38 kwa mitandao ya kijamii, na ahakikishe kwamba kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 waandishi na watafiti wa Kenya wanaweza kuchunguza machapisho ya umma bila kugusa ya faragha.

5. Wasanidi wenzetu waombe data wanayoihitaji tu, waeleze wanaitumia kwa nini, na waifute kazi ikiisha. Mwanachama atakayeuza taarifa za wateja atafukuzwa, na tutamripoti kwa Kamishna. Hatuwezi kudai milango ifunguliwe huku tukiwalea wezi miongoni mwetu.

Kwa wananchi wa Kajiado: kabla ya kubonyeza "kubali", soma programu inaomba nini. Tochi haihitaji namba za jamaa zako. Na ukinyimwa data yako, au ikitumiwa bila idhini yako, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna. Katiba, katika Kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha. Idai.

Imetolewa mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kwa niaba ya wanachama wote.