Ujumbe wa tarakilishi ni ushahidi, si hukumu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yawafaa walimu na wanafunzi wetu wanaotumia tarakilishi, kwani michezo ya kompyuta imekwisha kutufunza mara mbili kwamba maneno ya mashine hayafai kuaminiwa kijuujuu.

Tuanze na vifaa. Mnamo 2024, wachezaji wengi wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 waliona michezo ikikatika ghafla. Mara nyingi kiwambo kilidai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Aliyesadiki angenunua kadi mpya bure, kwani mgonjwa alikuwa prosesa yenyewe. Julai mwaka huo, Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volteji kupita kiasi kutokana na kosa katika maelekezo yake ya ndani. Rekebisho lilitolewa Agosti, na muda wa dhamana ukaongezwa miaka miwili. Hata hivyo, rekebisho hilo ni kinga tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi.

Mkasa wa pili wahusu usalama. Desemba 2021 ilifichuka kasoro katika Log4j, programu ya kuweka rekodi za matukio, iliyotumiwa pia na toleo la Java la mchezo wa Minecraft. Mhalifu aliweza kuandika sentensi fupi katika gumzo la wachezaji, na tarakilishi iliyopaswa kuirekodi tu ikaitii: ikachukua msimbo kutoka kwa mtu baki na kuutekeleza. Sisi wanaisimu hutofautisha kulitaja neno na kulitumia. Log4j haikutofautisha.

Je, tufanyeje? Mwalimu asimtwike mwanafunzi lawama, wala shule isikimbilie dukani, kwa sababu ya sentensi moja ya kiwambo. Pima joto, badilisha kifaa kimoja kimoja, kisha ujaribu tena. Mwanafunzi naye asiendeshe skripti ya kushindia mchezo ambayo hawezi kuieleza mstari kwa mstari. Akifanya hivyo, amemkabidhi mtu asiyemjua funguo za nyumba.

Tunawafunza vijana kuhoji wasomacho katika riwaya na magazeti. Hatuna budi kuwafunza kuihoji mashine pia.