Mvinyo wa Pipani Wataka Nyama, Si Keki

Msimu wa mahafali na harusi unapowadia, chupa za mvinyo mwekundu huingia katika nyumba nyingi za mijini zikiwa zawadi. Aghalabu chupa hufunguliwa wakati keki inapokatwa. Wageni huonja, hukunja nyuso, na kitu kilichonunuliwa kwa pesa nyingi huishia kumwagwa jikoni. Mara nyingi mvinyo wenyewe hauna kosa lolote. Umeandamanishwa na chakula kisichoufaa.

Hebu leo tuutazame mvinyo wa Rioja, eneo lililo kaskazini mwa Uhispania kando ya mto Ebro. Mwekundu wake aghalabu ni mchanganyiko wa zabibu kadhaa. Tempranillo ndiyo mhimili. Garnacha huongeza ladha ya matunda yaliyoiva na nguvu ya kileo, nazo Graciano na Mazuelo huleta uchachu unaouchangamsha ulimi.

Kisha mvinyo huo hulazwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Ukiona Crianza, umekaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, mmoja ukiwa pipani. Reserva ni angalau miaka 3, mmoja pipani. Gran Reserva ni angalau miaka 5, miwili kati ya hiyo pipani.

Pipa lenyewe ni kiungo. Mwaloni una vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake, na eujenoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu. Kwa hivyo ukinusa bilauri yako ukakumbuka sinia la pilau, pua haijakudanganya.

Namna ya kuonja si siri. Mimina theluthi moja tu ya bilauri. Itazame rangi: iliyo karibu na zambarau ni ya mvinyo mchanga, inayoelekea rangi ya tofali ni ya ule uliokaa. Zungusha bilauri polepole, unuse, kisha upige funda dogo na kulitembeza mdomoni. Utahisi ulimi na ufizi vikikauka kama uliyeonja ndizi mbichi. Huo ukakasi huitwa tanini, na hutoka katika maganda na mbegu za zabibu na katika mbao za pipa.

Ukakasi huo ndio unaokuamulia chakula. Tanini hupenda kushikana na protini. Ukitafuna nyama yenye mafuta, hushikana nayo badala ya kuukausha mdomo wako, na mvinyo hulainika. Wenyeji wa Rioja huchoma mbavu za mwanakondoo juu ya makaa ya matawi ya mzabibu. Wewe unaye mbuzi wa kuchoma, na chumvi yake ni rafiki wa mvinyo huu. Mchuzi mzito wa ng'ombe na pilau ya nyama pia vinafaa.

Jiepushe na mambo matatu. Pilipili kali huzidishwa makali na kileo, basi iweke kando ya kachumbari, kila mtu ajitilie. Samaki wenye mafuta mengi huacha ladha ya chuma mdomoni. Nayo keki huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu na mchachu.

Joto linalofaa ni nyuzi 16 hadi 18 hivi. Ukiwa Mombasa, tia chupa katika friji kwa dakika 20 kwanza. Ikiwa ni ya miaka mingi, mimina taratibu ili mashapo yabaki chini.

Wanafunzi na wasiotumia kileo wana somo lao pia. Chemsha chai ya rangi ikolee sana, uonje bila sukari. Ukakasi huo ni wa tanini za majani ya chai. Sasa tia maziwa, uonje tena. Protini ya maziwa imefanya kazi ile ile ifanywayo na nyama.

La mwisho, msomaji wangu. Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri 5 za kiasi, na nguvu yake ni asilimia 13 hadi 14 hivi, mara mbili au tatu ya bia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya. Mja mzito asiguse, dereva asiguse, na sheria yetu ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Andaa jagi la maji ya ukwaju mezani, lipate heshima sawa na chupa, ili asiwepo mgeni wa kuulizwa mbona hanywi.

Tukutane Jumapili ijayo.