Ndege Aliyeipa Kanga Jina

Mwanamke wa Pumwani, mjini Nairobi, anapochagua doti ya kanga dukani hutazama mambo matatu: pindo, mji na jina. Jina ndilo humfanya ainunue au airudishe, kwa maana maneno yasiyofaa huweza kuwagombanisha majirani.

Wengi husimulia kwamba nguo hii iliitwa kanga kwa sababu zile za kwanza zilikuwa na madoadoa kama ya ndege huyo. Waingereza nao walipenda ndege nguoni. Mwaka 1769 Robert Jones wa Old Ford, karibu na London, alichapa kitambaa cha pamba chenye picha ya tausi. Katika karne hiyo wachoraji wengi wa Ulaya walipamba nguo kwa ndege na majumba ya Kichina, bila kufika Uchina. Wachina wenyewe hawakuulizwa neno.

Kanga haikufuata njia hiyo. Nyingi zilichapwa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi na Japani, lakini wauzaji walilazimika kufuata mapenzi ya wanawake wa pwani. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", alianza biashara Mombasa mwaka 1887. Siku hizi hata viwanda vya Uchina huchapa kanga, na maneno yake ni ya Kiswahili.

Basi anunuaye na asome jina kabla ya kulipa. Mchoro waweza kutoka mbali, bali ujumbe huchukuliwa na mvaaji, na mtaa mzima huusoma.