Miti ya Kugo na Reti za Kaunti: Nani Kweli Ataomoka Kabianga?

Leo tunatoka kidogo kwa mambo ya maselebu, tunaenda ushago.

Tuseme mzae wako ako na ekari mbili pale Kabianga. Ekari moja ni majani chai. Kuna boma, kuna ng'ombe wawili, na kwenye ule mteremko wa kushuka mtoni kuna mikaratusi ambayo kugo wako alipanda kitambo, kabla hata mzae hajaoa. Siku moja anakuja jamaa na faili kwapani. Anawaambia mkiandikisha hiyo miti kama msitu, na mkiwa na mpango wa usimamizi, kaunti inawasamehea kodi ya shamba. Anataka tu kitu kidogo ya kuandika hiyo karatasi.

Ni ukweli ama ni mchezo wa taoni? Jibu ni kwamba stori ina ukweli ndani, lakini si ule ukweli jamaa anauza. Twende polepole.

Sheria iko, na si ya juzi

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inatambua msitu wa mtu binafsi. Ukiwa na msitu kwa ardhi yako, hata kama bado miti ni midogo, unaweza kuomba Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, iuandikishe. Ukishaandikishwa, una haki ya kupewa ushauri wa kitaalamu, na pesa ikiwepo unaweza kupata mkopo wa kuukuza. Halafu kuna ile sehemu tamu: mwenye msitu ulioandikishwa anaweza kuomba asamehewe reti zote au sehemu yake, pamoja na ada nyingine za hiyo ardhi.

Shika hilo neno "kuomba". Sheria haisemi utapewa. Inakufungulia mlango tu, na aliyekaa ndani akiamua ni mtu mwingine.

Mtu huyo ni kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inapea kaunti nguvu ya kutoza reti za mali. Kwa hivyo KFS, ambayo ni ya serikali kuu, inaandikisha msitu, lakini pesa inayosamehewa inatoka kwa mfuko wa Kericho ama Bomet. Sasa jiulize, gavana anayehangaika na mishahara na dawa za hospitali atakuwa na haraka gani ya kukusamehea?

Kwanza, reti zenyewe unalipa?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuna renti na kuna reti. Renti ya ardhi unalipa serikali kuu kama shamba ni la lisi, yaani umepewa kwa miaka fulani. Reti unalipa kaunti. Shamba la urithi la ushago mara nyingi ni la umiliki kamili, haliko kwa lisi, kwa hivyo renti haikuhusu. Na reti kwa miaka mingi zimekuwa kitu cha ploti za mjini. Uliza mzae mara ya mwisho alilipa reti za lile shamba la majani chai ni lini. Akikuangalia kama umepoteza akili, ushapata jibu.

Msamaha wa deni ambalo huna si msamaha. Ni kama kupewa ofa ya bure ya bando na simu huna.

Lakini usicheke sana, upepo unabadilika. Mwaka wa 2023 kulikuwa na mswada bungeni uliotaka wenye ardhi ya umiliki kamili ndani ya miji walipe ada ya kila mwaka, na Wakenya wakapiga kelele. Desemba 2024 rais akatia sahihi Sheria ya Kitaifa ya Reti, iliyochukua nafasi ya sheria kuukuu za utozaji. Kaunti zinasaka pesa, na miji inapanuka. Kabianga si kijiji kile cha zamani. Tangu chuo kikuu kipate hati yake 2013, wasee wamejenga mahosteli na maduka. Shamba ambalo leo ni la majani chai, kesho linaweza kujikuta ndani ya mpaka wa mji. Siku hiyo hilo swali la msamaha halitakuwa mchezo.

Hesabu ya ekari ndiyo inauma

Sheria yetu ikieleza msitu ni nini, inataja miti iliyokaribiana kwenye eneo la zaidi ya nusu hekta. Nusu hekta ni kama ekari moja na robo. Rudi kwa mzae na ekari zake mbili. Ili afikishe hapo ingebidi ang'oe majani chai, yale yanayolipa karo, apande miti. Hakuna mzazi wa Belgut atafanya hiyo hesabu na alale vizuri.

Wenzetu Marekani wamecheza huu mchezo miaka mingi. New York, kupitia kifungu cha 480-a cha sheria yao ya ushuru kilichoanza 1974, mwenye msitu anaweza kupunguziwa hadi asilimia 80 ya thamani inayotozwa ushuru. Lakini lazima awe na ekari 50 za msitu, mpango ulioidhinishwa, na ajifunge kwa miaka 10 mbele. Wisconsin unajifunga miaka 25 ama 50. Ukivunja ahadi, unalipa faini.

Ekari 50! Kabianga hiyo ni mashamba ya familia ngapi? Sheria ya aina hiyo imeshonwa kwa mwili wa mtu mkubwa. Ukiileta hapa bila kuipunguza, mdogo ataivaa kama koti la babake.

Basi nani ataomoka?

Toka Kabianga uende upande wa mashamba makubwa ya chai. Utaona mikaratusi imepangwa mistari kama askari, vilima kwa vilima. Hiyo si mapambo, ni kuni za boila, kwa sababu majani chai hukaushwa kwa moto. Wenye mashamba hayo wana mameneja wa misitu, wana ramani, wana mawakili. Mpango wa usimamizi kwao ni kazi ya wiki moja.

Na ardhi yao ni ya lisi, kwa hivyo bili inakuja kweli. Kwa ufupi, mwenye deni la maana na mwenye ekari za kutosha ni mtu mmoja, na si mzae wako.

Hapa ndipo mambo yanakuwa moto. Hiyo ardhi ina historia. Wakipsigis na Watalai wanasema walifurushwa wakati wa mkoloni, na 2022 walipeleka Uingereza kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mashamba yenyewe yanabadilisha wenyewe: James Finlay Kenya ilienda kwa Browns Investments ya Sri Lanka 2023. Kama kesho kampuni kubwa itasamehewa reti kwa sababu ya kuni zake, pesa inayokosekana ni ya barabara na zahanati za watu ambao babu zao walitolewa hapo. Hilo lazima lijadiliwe mchana, si usiku.

Na Katiba inakupa silaha. Kifungu cha 210 kinasema ushuru ukisamehewa, lazima kuwe na rekodi ya wazi kwa umma, pamoja na sababu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aambiwe. Maana yake una haki ya kuuliza nani alisamehewa, na kwa nini.

Lakini mpango wenyewe si bure

Usitupe wazo lote. Mpango wa usimamizi, hata ule wa kurasa tatu, ni daftari la mali yako. Unaonyesha mipaka, aina za miti, idadi, umri, ni lini ya kupogoa, ni lini ya kupunguza, ipi inavunwa mwaka gani na nini kinapandwa baada yake. Broka wa mbao akija na bei ya kutupa, una namba mkononi. Ukitaka kusafirisha mbao na uombe kibali cha KFS, huendi kama mtu anayebahatisha.

Pia utakulazimisha uangalie mto. Maji ya Itare, Kiptiget na Chemosit yanaingia Sondu, halafu Ziwa Victoria. Mikaratusi hunywa maji kama imelipwa. Mpango wa maana utakuambia uitoe ukingoni, uweke miti ya kienyeji, na mikaratusi ipande juu ya mteremko.

Wewe kijana ufanye nini?

Moja, uliza hati ya shamba iko kwa jina la nani. Kama bado ni la kugo na alizikwa zamani, hakuna ombi litaenda popote. Anzeni na urithi kortini, hata kama mkutano wa familia utakuwa noma.

Mbili, pima miti. Ingia shambani na simu, hesabu mistari, piga picha, andika. Hiyo kazi haihitaji jamaa wa faili.

Tatu, msilipe mtu yeyote kabla ya kufika ofisi ya KFS na ya kaunti wenyewe. Uliza swali moja: kaunti hii ina utaratibu gani wa maombi ya msamaha wa reti kwa misitu? Kama hakuna, basi mnachouziwa ni hewa.

Nne, na hii ndiyo kubwa. Kila mwaka kaunti huleta Mswada wa Fedha na lazima isikilize wananchi. Huko ndiko mnapaswa kusema: majirani kumi wenye robo ekari ya miti kila mmoja wahesabiwe kama kundi moja, wapate mpango mmoja na afisa mmoja wa kuwaongoza. Na msamaha wa mkubwa uwe na kikomo, na orodha ibandikwe ukutani.

Nchi inataka asilimia 30 ya miti kufikia 2032. Tathmini ya 2021 ilipata asilimia 12.13. Hiyo tofauti haitazibwa na misitu ya serikali peke yake, itazibwa na mteremko kama ule wa mzae wako. Kama serikali inamhitaji hivyo, basi hata yeye awe kwenye hesabu.

Wikendi hii ukienda ushago, kabla ya mursik na stori, shuka kwanza mpaka mtoni. Hesabu miti ya kugo.