Pima jamvi kabla hujauza mahindi

Ndugu mkulima, mavuno yakishaingia ghalani ndipo ujenzi unapoanza vijijini. Ni jambo jema. Ninachopinga ni ule utaratibu wa fundi kuangalia kiwanja kwa macho, kusema "lete mifuko 70", na mwenye nyumba kuuza mahindi wiki hiyohiyo kwa bei yoyote anayopewa. Mbolea tunainunua kwa hesabu ya ekari. Kwa nini saruji tuinunue kwa kukisia?

Hesabu yenyewe ni fupi: urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita. Tuchukue jamvi la nyumba ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 10, yaani mita 0.1. Jibu ni mita za ujazo 8.

Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), kila mita moja ya ujazo ya zege inahitaji takriban:

- Saruji: mifuko 6 na nusu ya kilo 50
- Mchanga: mita za ujazo 0.45
- Kokoto: mita za ujazo 0.9

Zidisha kwa 8, kisha ongeza asilimia 10 ya kumwagika na kupotea. Utapata mifuko 58, mchanga mita za ujazo 4 na kokoto 8. Ile mifuko 12 iliyozidi kwenye 70 ni mahindi yako yaliyouzwa bila sababu.

Angalia pia kifusi chini ya jamvi. Kikiwa kimeshuka sentimita 2 tu kwa eneo lote, jamvi hilihili litakula mifuko zaidi ya 10 ya ziada. Kusawazisha na kushindilia ni nguvu za siku moja. Saruji ni fedha.

Wapo watakaosema fundi ndiye mtaalamu, tumwachie. Namheshimu fundi, na hesabu hii inamlinda hata yeye. Saruji ikiisha mchana jamvi likiwa nusu, kinachofuata ni kuongeza mchanga ili zege lifike ukutani. Sakafu ile itaanza kumeguka mapema, na lawama zote zitamwangukia fundi.

Siku ya kumwaga zege, simamia vipimo kwa ndoo ya lita 20. Mfuko mmoja wa saruji uende na ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Koleo halipimi, kila mtu ana mkono wake. Maji yasizidi lita 30 kwa mfuko, na mchanga ukiwa na unyevu yapungue. Zege la uji ni rahisi kumwaga lakini likikauka ni dhaifu.

Kuhusu tripu za mchanga na kokoto, malori hayalingani. Pima bodi la gari kabla halijamwaga: urefu mara upana mara kina cha mzigo.

Usinunue saruji kabla mchanga, kokoto na maji havijafika kiwanjani. Saruji iliyokaa miezi mitatu hupungua nguvu, na ikipata unyevu huganda kabla ya hapo. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nanyi wafanyabiashara wa saruji vijijini, mteja akija na idadi kubwa, muulizeni vipimo vya jamvi lake. Mtauza mifuko michache siku hiyo, lakini atarudi kwenu akifika kwenye lenta.

Futi kamba, kalamu na dakika kumi vinatosha. Pima kwanza, ndipo ujue magunia mangapi ya kuuza sasa na mangapi ya kusubiri bei ipande. Karibuni kwa maswali.