Kila risasi ina mnyama wake

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi nje ya nyumba mtaani Bahati nikingoja chai ichemke. Mara mpwa wangu wa Kidato cha Pili akaja mbio na wenzake watatu, ngumi ameikunja kama mtu aliyeficha sarafu. Alipoifungua nikaona ganda la risasi, la shaba inayong'aa. Alikuwa ameliokota kando ya uwanja wanapochezea kandanda.

Wavulana hawakuwa na hofu yoyote. Walikuwa wakibishana! Mmoja alishikilia kwamba bunduki kubwa ndiyo bora kila mara, kama wanavyoona katika filamu. Mwingine alisema bora ni ile yenye kasi. Nami kwa kuwa sijui mtutu wala kitako, niliwapeleka kwa jirani yetu, mzee ambaye katika ujana wake alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa safari hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977.

"Shikamoo, Babu," wakaamkia.

"Marahaba, wajukuu. Leteni hicho kitu." Alikichukua, akakigeuza, akanyamaza. Kisha akakiweka juu ya kigoda na kuanza kwa mbali, kama ilivyo desturi ya wazee.

Aliwaeleza kwamba zile namba za bunduki ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu. Waingereza walipima kwa inchi. Bunduki ya .303, ambayo jeshi lao lilianza kuitumia mwaka wa 1888 na ambayo askari wa KAR walikwenda nayo Burma, ina tundu la milimita 7.7 hivi. Ile ya .375 ya Holland & Holland wa London, iliyotoka mwaka wa 1912, ina milimita 9.5.

Baada ya vita kuu ya pili, .303 za jeshi ziliuzwa kwa bei nafuu. Mtu asiye na fedha za kuagiza bunduki London alinunua moja, akampa fundi aondoe mbao za ziada mbele, apunguze kitako kilingane na mkono wake, na kubadilisha kilengeo. Hapo akapata bunduki nyepesi ya kuwinda swala na kongoni. "Iliyomkaa mtu begani," Babu alisema, "ilishinda ya bei kubwa iliyomkataa."

Nanyi wanafunzi wa fizikia, chukueni kalamu. Risasi ya .303 ina uzito wa gramu 11 na ushei, nayo hutoka kwa kasi ya mita 744 kwa sekunde. Fanyeni hesabu ya nusu ya uzito mara kasi mara kasi, mtapata jouli 3,100 hivi. Ile nzito ya .375, ya gramu 19.4, hukaribia jouli 5,750. Ya .470, iliyotengenezewa ndovu na nyati, hukaribia 7,000. Lakini kumbukeni Newton: kinachosukumwa mbele husukuma nyuma. Bega la mpigaji hulipa deni hilo.

Baruti nayo ina mambo yake. Waingereza walitumia aina iitwayo kodaiti, ambayo joto la nchi zetu liliizidishia nguvu hadi ganda likakwama ndani ya mtutu. Ndiyo sababu John Rigby walipotoa .416 mwaka wa 1911 waliipa ganda kubwa, ili mgandamizo upungue. Wawindaji wengine walijijazia maganda wenyewe, wakipima baruti kwa mizani ndogo. Aliyekosea kipimo aliweza kupasua bunduki usoni pake.

"Sasa Babu, kubwa si ndiyo bora?" mpwa wangu akauliza.

Mzee akacheka. Akawatajia Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, kwa sababu alikuwa amepasua mafuvu yao kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Leo tunawalilia ndovu hao, lakini shabaha yake haina ubishi.

Kisha akakunja suruali, tukaona kovu refu kutoka goti hadi kifundo. Mgeni wao mmoja alikuja na .470 mpya. Aliiogopa. Kila alipotaka kufyatua alifumba macho. Akampiga nyati tumboni, nyati akaingia kichakani. Sheria ya wawindaji ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa haachwi, basi wakamfuata siku mbili. Wa kutangulia si mgeni bali mfuata nyayo na mbeba bunduki. "Mwenzangu alirudi amebebwa," Babu alisema, "na hakuamka. Mgeni aliniachia saa ya mkono."

Kimya kilitanda. Hata redio ya jirani niliisikia kana kwamba imetoka mbali.

"Kila risasi ina mnyama wake," akaendelea. "Ya swala si ya nyati. Yenye ncha laini hupanuka mwilini, ngumu hupenya mfupa. Nimebeba zote." Hapo akaliinua lile ganda, fupi kuliko kidole chake cha mwisho, lililochorwa 9 mm kwenye kitako. "Hii ni ya bastola. Hakuna mwindaji aliyeniambia nimbebee hii. Niambieni, wajukuu, mnyama wake ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu aliangalia chini. Wote wanaishi katika mtaa huu, wanajua jibu.

Jioni hiyo tulilipeleka kituo cha polisi, mimi na yeye, akaonyesha alipoliokota. Hatukukemewa. Wazazi wenzangu, waambieni watoto: wakiona risasi au ganda lake wasiliguse, waite mtu mzima, naye awaite polisi. Risasi ambayo haijalipuka yaweza kufyatuka ikitupwa motoni, na kuwa nayo bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Tulipokuwa tukirudi, kijana aliniuliza kama Babu bado ana ile saa. Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Amekwisha kwenda mara tatu wiki hii, na habishani tena juu ya bunduki ipi ni kubwa.

Haya, tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.