Mastaa Wetu, Acheni Kulia Njaa Ulaya Wakati Tanuri la Wasyria Linawaka

Wadau, hili limenikaa kooni wiki nzima, acha niliseme. Kuna staa wetu mmoja wa muziki, jina kapuni, katoka ziara ya Ulaya juzi na kurusha video ndefu akilalamika kwamba Berlin hakuna chakula. Eti siku zote alizokaa kule alikula chipsi na kuku wa boksi mpaka tumbo likagoma. Mtangazaji mmoja naye akadakia kwamba Wazungu hawajui kupika, basi watu wakacheka, ikaisha hivyo.

Kiukweli mimi sikucheka. Berlin ya leo hailishwi na Wazungu peke yao. Shuka treni kituo cha Hermannplatz, ingia barabara ya Sonnenallee pale Neukölln, halafu uniambie kama utakosa cha kula. Wenyewe wanaiita mtaa wa Waarabu. Walebanoni na Wapalestina walitangulia zamani wakikimbia vita vya kwao, na kuanzia 2015 Wasyria wakaingia kwa wingi, mtaa ukabadilika hadi harufu. Kuna maduka ya peremende, baklava zimepangwa kama matofali, kahawa ya iliki, na kuna mikate.

Mikate ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Nilipelekwa na dada mmoja wa Tanga anayeishi kule, kwenye kimgahawa cha Wasyria ambacho ukipita haraka huwezi kukiona. Meza sita tu. Lakini tanuri wameliweka mbele kabisa, dirishani, mpita njia analiona kabla hajaona hata bei. Ni la udongo, umbo kama mtungi mkubwa, moto uko chini. Mwokaji anachukua donge la unga, analirusha mkono huu na huu mpaka linakuwa jembamba kama kanga, analitandaza juu ya kimto cha duara, kisha anainama na kulibandika ukutani mwa tanuri, pwaa! Hamalizi hata kujipangusa jasho, mkate umeshavimba mapovu na kupata madoa meusi. Anaubandua kwa ndoana ya chuma na kukutupia mezani. Unaungua vidole na hujali.

Wanakuletea na muhammara, yaani pilipili nyekundu iliyosagwa na jozi na kutiwa maji mazito ya komamanga. Kuna na zaatari, majani makavu na ufuta, unachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni kwanza halafu humo. Nyama mnaweza kuagiza, ila mimi nasema msiagize. Ukishapata mkate ule wa moto, nyama inakuwa kelele tu. (Najua watu wa nyama choma mtanishambulia, karibuni.)

Sasa ngoja niwaambie kwa nini sipendi utani wa "Ulaya hakuna chakula". Wale watu wanaooka pale wanatoka nchi ambayo kupanga foleni ya mkate kulikuwa kujitoa roho. Agosti 2012 kule Aleppo, mabomu yalipiga watu waliosimama nje ya maduka ya mikate, tena si mara moja, na Human Rights Watch waliandika ripoti yake. Mtu katoka kwenye hali hiyo, kafika ugenini, lugha hajui, baridi inamla, na kitu cha kwanza anachojenga ni tanuri. Halafu wewe uliyekuja na viza ya wiki mbili unalia njaa!

Na hawana uhakika wa kesho. Utawala wa Assad ulipoanguka Desemba 8, 2024, Wasyria wa Berlin walijaa barabarani wakishangilia. Kesho yake tu Ujerumani ikasimamisha maamuzi ya maombi yao ya hifadhi, na baadhi ya wanasiasa wakaanza kusema sasa warudi kwao. Wasyria kule wanakaribia milioni 1. Kuna watakaorudi kwa furaha, na ni haki yao, kwao ni kwao. Ila kuna waliozaa kule, wana mikopo ya maduka, watoto wanaongea Kijerumani kuliko Kiarabu. Mji uliokuwa ukijisifia mtaa huo kwa watalii unaanza kuhesabu nani aondoke.

Na sisi je? Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Lile tanuri halikunishangaza kama lilivyomshangaza Mjerumani wa meza ya jirani aliyekuwa anapiga picha. Neno lenyewe tunalo, "tanuri" tumelitoa kwenye Kiarabu, wao wanasema tannur. Na mkate wa kubandika ukutani mwa tanuri la udongo tunao: mkate wa mofa, wa unga wa mtama, bibi zetu wa Unguja wameuoka na kuuoka. Lakini Waswahili tuko Ulaya miaka mingapi? Chakula chetu kinaliwa sebuleni, kwenye harusi na misiba, mlango umefungwa. Tukifungua mgahawa tunaweka pilau kwenye sufuria jikoni nyuma, mbele tunaweka televisheni. Nani atajua?

Dada wa Tanga alinijibu kwamba mofa ina kazi, vijana hawataki kuungua mikono. Inawezekana. Mwokaji wa pale Sonnenallee ana makovu mpaka kwenye kiwiko, na foleni yake inafika barabarani.

Walioko Unguja, Pemba na Lamu naomba mnitajie: mofa ya tanuri la udongo, siyo ya ovena, inapatikana wapi siku hizi? Na yule staa wetu kama anasoma hapa, Hermannplatz, toka nje, fuata harufu.